Kichangamsho cha kufungulia mkutano wa kikundi cha hisa: watu 25, wazee kwa vijana

Mwezeshaji_Kata

Wakuu, salaam.

Kuna kikundi cha hisa nakisimamia (wanachama wananunua hisa kila mkutano, fedha zinakaa kwenye sanduku, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana). Ni mzunguko wa kwanza, mwezi wa tatu sasa. Wanachama 25: wanawake 19, wanaume 6, mdogo ana miaka 22 na mkubwa kapita 70. Wanakutana kila Jumanne saa tisa na nusu alasiri chini ya mwembe, mabenchi manne na majamvi mawili, hatua kama ishirini kutoka barabarani. Waislamu na Wakristo wamo, wajawazito wawili, na watatu hawajui kusoma.

Shida ni dakika za mwanzo. Mwenyekiti akishafungua, katibu anaita namba, watu wanaitika "nipo" kwa sauti ya mgonjwa, halafu kimya. Hisa zinanunuliwa vizuri, lakini likija jambo la kujadili, mfano ombi la mkopo, wanaosema ni wale wale wanne. Wengine wanaangalia majani ya mwembe.

Kwenye makabrasha ya semina nimekuta saladi ya matunda, fundo la mikono, mpira wa majina na saba-bum. Nianze na kipi, nikiweke wapi kwenye ratiba, na kichukue dakika ngapi? Na kipi nisikiguse kabisa?

---

Bi_Namba_Saba

Saladi ya matunda itoe kwanza. Ile inataka viti, kimoja pungufu ya idadi ya watu, na kila mtu ahame akisikia tunda lake limetajwa. Kwenye mabenchi na majamvi haichezeki. Kwenye viti vya plastiki watu wazima wanagongana na mguu wa kiti unakatika. Ila kwa kikundi cha hisa kasoro yake kubwa ni nyingine: wanachama wanakaa kwa mpangilio wa namba, 1 hadi 25, ili katibu aone mara moja nani hayupo na vitabu vya hisa vipite mkono kwa mkono kwa mfuatano. Kichangamsho kinachovuruga ukaaji kinakula dakika saba za kucheza na sita za kurudisha watu mahali pao. Kiweke siku ya mafunzo.

Mahali pa kuweka kichangamsho cha mkutano: baada ya dua, kabla ya namba kuitwa, na kwa vyovyote kabla sanduku halijafunguliwa. Makufuli matatu ya sanduku yakishafunguliwa, macho yote yawe mezani. Watu wakiwa bado wanacheka huku wahesabu fedha wana noti mkononi, noti moja ikihesabiwa mara mbili maneno yake hayaishi wiki nzima. Dakika tano zinatosha, saba ni mwisho. Mkutano wa hisa wa watu 25 unaweza kuchukua muda wa saa mbili. Ukianza kwa kuchezea dakika ishirini, wanaowahi kupika jioni watakununia wewe.

Halafu neno "mchezo" liache. Kwa akina mama wengi mchezo ni upatu. Ukitangaza "leo tutacheza mchezo" kuna atakayeuliza ni wa shilingi ngapi na nani anapokea kwanza. Sema kichangamsho, au "tujinyooshe kidogo".

Mpira wa majina unakufaa, ila si kama ulivyoandikwa kwenye makabrasha. Tengeneza mpira wa matambara, ukubwa wa chungwa, laini kiasi kwamba ukimpata mtu kifuani haumii. Mpira wa miguu ni mkubwa na mgumu, na mpira wa tenisi unadunda na kupotelea barabarani. Simameni duara mbili, watu 12 na 13. Ukiwaweka wote 25 duara moja, mtu anasubiri dakika mbili kufikiwa na anaanza kuongea na jirani. Anayerusha anamtaja anayerushiwa KWANZA, ndipo anarusha, mkono ukitokea chini. Utaratibu huo ukigeuzwa, mpira unafika kabla jina halijatajwa na mtu anashtukia umempiga. Ambaye hasimami kwa raha anabaki kwenye benchi, duara linajengwa kumzunguka, na kwake mpira unakabidhiwa mkononi.

Majina yenyewe ndipo wawezeshaji vijana wanapoharibu. Bibi wa miaka 70 haitwi jina lake kavu na kijana wa 22 mbele za watu. Raundi ya kwanza mpira upite kimya kimya mkononi, kila mtu aseme anavyotaka aitwe: Bi Mwanaidi, Mama Zawadi, Mzee Athumani. Baada ya hapo hakuna kukosea.

Lakini hao wako mwezi wa tatu, majina wanajuana. Kwa hiyo mtaje mtu pamoja na shughuli yake: "Mama Zawadi, maandazi." "Mzee Athumani, miche ya mikorosho." Mama Zawadi akija kuomba mkopo wa unga na mafuta, wenzake wa duara lake tayari wanajua anafanya nini, na maswali yanatoka yenyewe: anauza mangapi kwa siku, mafuta ya lita ngapi yanamtosha. Kichangamsho ambacho hakigusi kinachofuata kwenye ajenda kinachangamsha miguu tu.

Fundo la mikono usiliguse. Watu wanane hadi kumi wanasogeleana, kila mmoja anashika mikono ya watu wawili tofauti katikati, kisha wanajifungua bila kuachia. Kwenye kikundi chenye wanawake na wanaume, na Waislamu ndani yake, kuna wasioruhusiwa kushikana mikono na mtu wa jinsia nyingine asiye wa familia, na kuna waume watakaosikia habari hizo jioni ile ile. Viganja vinapindwa. Isitoshe, kuna mafundo ambayo hayafunguki kuwa duara moja: yanaishia duara mbili zilizopitana kama mnyororo, na mwezeshaji asiyelijua hilo anawahangaisha watu robo saa kutafuta kisichokuwepo. Wakilazimisha, mpe kila mtu kipande kimoja cha kanga cha nusu mita: mkono mmoja ashike ncha yake, mkono wa pili ushike ncha ya kipande cha mwenzake, badala ya kushikana mikono.

Saba-bum (watu wanahesabu kwa zamu, na kwenye saba na mafungu yake wanasema "bum") inamtoa anayekosea. Walio dhaifu wa hesabu ndio wanaotoka mwanzo, wanasimama pembeni mbele ya kikundi kinachoshughulika na hesabu. Fikiria hapo.

---

Katiba_Mkononi

Bi Namba Saba kamaliza la mpira. Naongeza viwili ambavyo havihitaji kifaa wala kusimama.

Cha kwanza ni "inatoka, haitoki". Mwezeshaji anataja tukio, wanachama wananyanyua mkono kama mfuko wa jamii (fedha za kusaidiana kwenye shida) unalilipia kwa katiba yao, wanaziba mdomo kwa kiganja kama haulilipii. "Msiba wa mzazi!" Mikono juu. "Harusi ya binamu!" Midomo inazibwa. Andaa matukio manane: matano yaliyo wazi, mawili ambayo kila mara yanabishaniwa (mkwe ni mzazi? kulazwa usiku mmoja kunahesabiwa?) na moja la upuuzi, mfano "jogoo wa jirani kafa". La upuuzi liwe la tatu au la nne. Likiwa la kwanza watu wanadhani yote ni masihara, likiwa la mwisho mkutano unaanza kwa vicheko.

Yale mawili ya ubishi ndiyo yenye thamani, na ndiyo ya hatari. Mikono ikigawanyika, mtu ataanza kueleza kesi ya mwaka juzi ya kikundi kingine. Usijibu na usiruhusu mjadala. Mwambie katibu aandike swali kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, lisomwe kwenye mengineyo. Dakika tano zikigeuka kesi, wiki ijayo hawatakubali kichangamsho chochote.

Wiki nyingine, badala ya mfuko wa jamii chukua faini: "kupokea simu wakati wa kuhesabu!" Wanaitikia kwa kutaja kiasi cha faini. Hapo hata asiyejua kusoma anaishika katiba, maana anaisikia kila Jumanne.

Cha pili wengi wanakifanya bila kujua kuwa ni kichangamsho: kumbukumbu ya salio. Mfumo huu wa hisa ulianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, kwa vikundi vya wanawake ambao wengi hawakuandika wala kusoma, na kumbukumbu zao zilikaa kichwani. Kukariri salio kumebaki hadi leo kwenye vikundi vyenye vitabu. Mwisho wa mkutano mtunza sanduku anatangaza kilichobaki: tuseme mfuko wa jamii 62,500 na mfuko wa mkopo 148,000. Mabenchi mawili ya mbele yanabeba la jamii, mawili ya nyuma la mkopo, kila upande unarudia mara tatu. Wiki ijayo, kabla sanduku halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza upande wa mbele, kisha wa nyuma, ndipo katibu anasoma daftari. Katibu akitangulia kusoma, umeua zoezi zima: watu watasema "ndiyo" kwa chochote.

Gawa kwa benchi, usimuulize mtu mmoja mmoja. Mmoja akisahau anaaibika. Benchi likisahau linacheka na kunong'onezana mpaka lipate. Ila namba ikitamkwa, itamkwe nzima. "Sitini na mbili" haitoshi, kwa sababu ile 500 iliyoachwa ndiyo inayopotea. Wafundishe kupiga makofi kwa vipande: *sitini na mbili elfu* (pa!) *na mia tano* (pa!). Iwe kama wimbo.

---

Kufuli_Tatu

Mkuu Katiba, hapo kwenye wimbo nakupinga. Soma tena swali: hatua ishirini kutoka barabarani. Watu 25 wanaimba kwa makofi kwamba ndani ya sanduku kuna laki moja na arobaini na nane elfu, na bodaboda wamepaki pale. Hiyo ni kuwaita wezi kwa kibwagizo.

Kukariri sikupingi. Ninachopinga ni sauti. Kuna njia mbili. Moja, mnong'ono: mtu wa mwisho wa benchi anamnong'oneza jirani, inapita hadi mtu wa kwanza, naye anamnong'oneza mtunza sanduku. Hiyo yenyewe ni kichangamsho, maana namba ikifika imeharibika watu wanatamani kujua ilipotelea kwa nani. Hapo usimtafute mkosaji, rudia tu kutoka mwanzo. Mbili, waandike kwa kidole kwenye kiganja cha jirani, tarakimu moja moja. Wasiojua kusoma wengi wanazijua tarakimu kwa sababu ya noti na simu, ila hakikisha kabla.

Na sanduku likiwa na fedha nyingi kuelekea mwisho wa mzunguko, siku za mgao ndio usiseme, acheni hata kunong'ona nje. Ingieni ndani.

---

Katiba_Mkononi

Kweli, barabara niliiruka. Mnong'ono uwe ndio huo. Wimbo ubaki kwa vikundi vinavyokutana ndani ya uzio.

---

Mjukuu_wa_Pwani

Mnatafuta mbali kitu ambacho kila bibi hapo chini ya mwembe anacho. Vitendawili.

"Kitendawili!" "Tega!" Hapo sauti 25 zimeshatoka kwa mara moja, bila mtu kusimama wala kushikwa mkono. Mfumo wake wenyewe unalinda watu: wakishindwa, mtegaji anasema "nipeni mji", wanampa mji, anausifia kidogo, "nilikwenda Kilwa nikafika, nikala, nikalala," kisha anatoa jibu. Aliyeshindwa hapati adhabu, kikundi kizima kimelipa mji mmoja.

Vitatu kwa mkutano, visizidi. Mwanzo uwe wa wote, mfano "kuku wangu katagia miibani" (nanasi). Wa pili uwe wa kufikiri kidogo: "kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni" (njia). Wa tatu atege mwanachama, si wewe. Mwambie wiki moja kabla, na uchague ambaye huwa hasemi. Mtu akishasimamia "tega" ya watu 24, siku hiyo hiyo kuomba nafasi ya kusema kunakuwa kwepesi zaidi kwake.

Makosa yake ni haya. Mtegaji anataja jibu haraka kwa kuogopa kimya. Ahesabu kumi polepole ndani kwa ndani kabla ya kuomba mji. Au wazee wawili wanajua vyote na wanajibu kabla ya neno la mwisho. Wape hao kazi ya kutega, wasiwe wajibuji. Au vinaingia vya mafumbo ya chumbani, watu wazima wakajiinamia huku vijana wakicheka; sikiliza kitendawili faragha kabla hakijategwa. Na vile ambavyo jibu lake ni kaburi, vichuje kwa macho yako. Kwenye watu 25 huwezi kujua nani katoka kuzika juzi.

Kwa walio bara ambako Kiswahili ni cha pili, anayetega anaweza kutega kwa lugha ya nyumbani mradi jibu litafsiriwe, lakini usiweke zaidi ya kimoja, wengine watajiona wageni.

---

Mwezeshaji_Kata

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nina maswali manne ya nyongeza. Kwanza, saa tisa na nusu wanakuwepo nane au tisa tu, wengine wanaingia hadi saa kumi kasoro. Nisubiri watimie ndipo nifanye kichangamsho? Pili, kuna pendekezo la mwenyekiti kwamba anayechelewa aimbe au acheze mbele ya wenzake. Tatu, hao wanne waongeaji nawafanyaje? Nne, Ramadhani ikiingia tunafanya nini?

---

Bi_Namba_Saba

Usisubiri. Kichangamsho kinachongoja waliochelewa kinawafundisha waliowahi kwamba waliwahi bure. Saa tisa na nusu ikigonga, dua, anza na hao nane. Chagua kinachopokea watu katikati bila kusimama: vitendawili, inatoka-haitoki. Mpira wa duara haufai hapo, kila anayeingia unapanua duara na kuanza upya. Mpira uwekee wiki ambazo mahudhurio yameshatulia.

La kuimba mkatalie mwenyekiti kwa adabu lakini mkatalie. Kikundi kina faini ya kuchelewa kwenye katiba na bakuli la faini lipo mezani. Kosa moja halilipwi mara mbili. Na uangalie linavyokwenda: mama aliyechelewa dakika kumi kwa sababu ya mtoto, akijua atachezeshwa, hatakuja kabisa, atatuma kitabu na mtoto wa jirani. Utakuwa umebadilisha uchelewaji kuwa utoro.

---

Katiba_Mkononi

Waongeaji wanne: usipambane nao, wapunguzie ukumbi. Tumia namba. Moja anamgeukia mbili, tatu anamgeukia nne, hivyo hivyo. 25 anaungana na 23 na 24. Kwa kuwa wameshakaa kwa namba hakuna anayehama. Swali moja: "wiki hii biashara yako au shamba lako limekwamia wapi?" Dakika moja anasema namba witiri, unapiga kofi moja, dakika moja anasema namba shufwa. (Witiri na shufwa wengi hawayatumii, sema tu "aanze aliye mkono wa kulia".) Kisha jozi mbili tu zitoe ripoti, na kila mtu aripoti la MWENZAKE, si lake. Mwongeaji akiwa na dakika moja na msikilizaji mmoja, nguvu yake inaishia hapo. Na aliyezoea kunyamaza ameshasema kwa sauti mara moja kabla ya ajenda. Ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza.

Kinachoharibika ni swali pana. Ukiuliza "habari za wiki?" wanajibu "nzuri" na kukutazama. Ukiuliza "deni lako limefikia wapi?" umegusa siri za nyumba. "Limekwamia wapi" liko katikati: mtu anaweza kujibu kwa kina au kwa kifupi bila kujivua nguo.

Kwenye mkopo sasa, mwenyekiti asiulize "kuna maoni?" Aanzie benchi la nyuma kwenda mbele. Hiyo si kichangamsho, lakini bila hiyo jozi zako zitakuwa zimefanya kazi bure.

---

Kufuli_Tatu

Ramadhani: hakuna kuruka, hakuna kichangamsho cha chakula. Kile cha "nyama ya ng'ombe, nyama ya paka" watu wanachokipenda, ambacho kiongozi anataja mnyama na kikundi kinaruka kama analiwa, kiache mwezi ule, na hata nje ya Ramadhani kiangalie. Kikundi chenye dini mbili kikifika kwenye nguruwe nusu wanaruka na nusu wananuna, na umeligawa jamvi kwa mikono yako. Ratiba nayo sogeza, mkutano uishe mapema watu waende kuandaa futari.

Kichangamsho kiitwacho mvua ndicho cha mwezi huo, na cha siku za joto kali. Wanabaki wamekaa. Mwezeshaji anaanza kusugua viganja, wa kulia kwake anapokea, kisha anayefuata, mpaka sauti imezunguka. Ikirudi kwako unabadilisha: vidole viwili juu ya kiganja, matone. Ikirudi tena, makofi mapajani, mvua yenyewe. Halafu unarudi nyuma: matone, kusugua, kimya. Mizunguko mitano na wa kimya, kama dakika mbili na nusu kwa watu 25. Kukanyaga chini kwa miguu kumo kwenye makabrasha lakini chini ya mwembe kunatimua vumbi juu ya wajawazito na watoto waliobebwa, liache.

Kosa ni moja na linatokea kila mahali: watu wanamtazama mwezeshaji badala ya jirani, hivyo wakimuona kabadilisha wanabadilisha wote pamoja na mawimbi yanakufa. Waambie hivi kabla ya kuanza: "Usinitazame mimi. Mtazame aliye kushoto kwako, na usibadilishe mpaka yeye abadilishe." Kama wapo kwenye mabenchi manne yanayotazama mbele, haitafanya kazi mpaka uyageuze yawe mraba.

Ninaipenda kwa sababu inaisha kwa kimya. Mpira na inatoka-haitoki vinaisha kwa kelele, unahitaji dakika nzima kutuliza. Mvua ikiisha unaita namba ya kwanza papo hapo, kila mtu anaisikia.

Siku ya msiba, mwanachama kafiwa wiki hiyo: hakuna kichangamsho. Dua, pole, mchango kama katiba inavyosema, kazi ianze.

---

Dada_wa_Mbali

Samahani nadandia hapohapo. Chama chetu wanachama wako miji tofauti, tunakutana kwa simu, video wengi wanazima kwa sababu ya bando. Vitendawili vitawezekana?

---

Mjukuu_wa_Pwani

Vinawezekana, ila "tega!" ya pamoja haitasikika, sauti zinapishana na mtandao unakata. Mtegaji aseme kwa sauti, majibu yaandikwe kwenye ujumbe, na asome majibu matatu ya kwanza kabla ya kutoa lake. Kimoja tu. Wakiwa zaidi ya kumi, msifanye mzunguko wa kila mtu kujitambulisha kwa sauti, mmoja akiwa na mtandao mbovu wote mnakwama kwake.

---

Mwezeshaji_Kata

Nimepanga Jumanne ijayo hivi: dua, vitendawili vitatu, kisha jozi za namba, kisha mnong'ono wa salio, ndipo namba ziitwe. Wiki inayofuata mpira wa shughuli, mvua na inatoka-haitoki. Nimekosea wapi?

---

Bi_Namba_Saba

Umeweka chakula cha wiki sita kwenye sahani mbili. Vitendawili vitatu peke yake ni dakika nne hadi tano, jozi pamoja na ripoti ni nne nyingine, umeshavuka. Jumanne ijayo fanya vitendawili na mnong'ono wa salio tu, kwa kuwa mnong'ono ni dakika moja na ni sehemu ya kazi. Rudia hivyo hivyo Jumanne tatu. Kichangamsho wiki ya kwanza watu wanajifunza kanuni, ya pili wanaogopa kukosea, ya tatu ndipo wanachangamka. Wawezeshaji wengi wanakibadilisha wiki ya pili kwa kuona "hakikupendwa".

Mnong'ono nao ulete baada ya namba kuitwa, si kabla. Kama namba 9 na 10 hawajafika, mnyororo una pengo katikati ya benchi na hujui hadi umekatika.

Jozi zipeleke siku yenye maombi ya mikopo. Mpira uje mwezi ujao, na wiki hiyo mwambie katibu ndiye aongoze, wewe ukae pembeni. Ukiondoka baada ya mzunguko wa kwanza wabaki nacho.

---

Kufuli_Tatu

Na huo mpira, matambara yafunge kwa kamba ya katani, mizunguko ya kutosha, fundo ulizamishe ndani. Watu hufunga kwa vipande vya raba ya tairi la baiskeli kwa sababu vinavutika vizuri, lakini vikikaa juani wiki kadhaa vinakauka na kukatika mpira ukiwa hewani.